Deni Ambalo Mungu Hakunidai



Katika makanisa yetu ya Kivu Kusini, Kongo, kuanzia Uvira mjini hadi Sange, Luvungi na milima ya Lemera, mtu akisimama kutoa ushuhuda sote tunajua njia atakayopita. Ataanza na shida, atafika kwenye maombi, kisha atatoka na jibu: mgonjwa alipona, kesi ilikwisha, mume alirudi. Wamama watapiga vigelegele na kwaya itapokea. Nimezishangilia shuhuda za namna hiyo kwa moyo wote, na bado ninazishangilia. Huu wangu unaelekea kwingine. Mwanangu hakupona. Madaktari hawakuniambia kilichomuua, na Mungu hakunieleza kwa nini. Ninashuhudia kwa sababu ninamtumaini Mungu leo kuliko nilivyomtumaini mtoto akiwa mzima, na kwa sababu uwanda huu wa Ruzizi umejaa watu wenye misiba isiyo na maelezo ambao hawaitwi kusimama mbele ya kanisa.

Nilizaliwa Lemera. Mtu akitoka kwenye joto la Luvungi na mashamba ya mpunga, hupanda mlima mpaka afike kwenye baridi na ukungu, kwenye migomba, maharage na mihogo. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walifika Uvira mwaka 1921, na baadaye kazi yao ikapanda milimani hadi kwetu: kanisa, shule, kisha hospitali, ambayo leo iko chini ya jumuiya ya makanisa ya Kipentekoste, 8 CEPAC. Kwa watu wa milimani hospitali ile ilikuwa kimbilio. Wanawake wenye uchungu wa kuzaa waliletwa kwa kipoyi, wamebebwa mabegani na wanaume waliopokezana njia nzima, na wengine walifika mtoto amekwisha kufa tumboni. Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Bukavu, alikuja Lemera mwaka 1983 akitoka kumaliza masomo yake Bujumbura. Nia yake ilikuwa kutibu watoto. Alipoona hali ya wale wanawake alibadili njia, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi, akarudi kwetu mwaka 1989. Mwaka 1996 yeye ndiye aliyekuwa daktari mkuu wa hospitali.

Septemba ya mwaka huo mama yangu alifanyiwa upasuaji wa uzazi pale Lemera, akamzaa salama mdogo wetu wa mwisho. Nilikuwa bado shule ya msingi, na kazi yangu ilikuwa kumpelekea chakula: bugali na sombe katika sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Nilivijua vitanda vya chumba kile na wagonjwa waliovilalia. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mama mmoja ambaye mguu wake haukuwa unapona haraka. Alinisalimu kila nilipoingia, akaniuliza habari za shule kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa. Kidonda cha mama kilipofunga, aliruhusiwa kwenda nyumbani. Yule mama alibaki.

Jumapili tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa na watu wenye silaha. Wagonjwa walipigwa risasi vitandani mwao, na wauguzi ambao hawakuweza kukimbia waliuawa pamoja nao. Waliokufa walipita 30. Daktari Mukwege hakuwepo siku ile. Ameishi na jambo hilo mpaka leo. Sisi tulikimbilia porini na mtoto mchanga, mama akitembea ameinama, ameshika tumbo. Mwezi uleule Uvira ikaanguka, Bukavu ikaanguka, na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa Bukavu. Muungano wa waasi wa AFDL ulizaliwa kwa mkataba unaobeba jina la kwetu, nao ukaingia Kinshasa Mei 1997. Ndiyo maana mtoto wa shule akisoma historia ya Kongo hukuta Lemera imetajwa kwa ajili ya mkataba. Naona ni uonevu. Mimi nikilisikia jina hilo ninaona vitanda.

Tuliporudi, mama alisimama kanisani na kumshukuru Mungu aliyemtoa hospitalini kabla ya siku ile. Watu walisema amina. Mimi niliyekaa kwenye benchi la watoto nilimfikiria mama wa kitanda cha jirani. Yeye naye alikuwa anaomba. Nilimsikia mara nyingi, alikuwa anaimba kwa sauti ya chini wakati wa kulala. Nikamwuliza mama nyumbani: kama Mungu ndiye aliyekutoa, yule nani alimwacha? Mama hakunijibu. Aliendelea kumenya mihogo. Sikuuliza tena, lakini swali halikuondoka. Likakua pamoja nami, na bila mimi kujua likageuka kuwa namna ya hesabu: mama yangu amepewa maisha ambayo mwingine amenyimwa, kwa hiyo kuna mahali tumeandikwa kwamba tunadaiwa.

Nilisoma, nikaolewa, tukahamia Uvira, mtaa wa Mulongwe. Mume wangu ni mwalimu. Mimi nina cherehani, ninashona nguo za vikwembe. Tulipata mtoto wa kwanza wa kiume, mtoto wa maneno mengi, mpenda samaki wa mukeke wa kuchoma kuliko chakula kingine chochote. Msimu wa mvua wa mwaka 2013 alianza kuchoka. Hakuwa na homa kali, hakuwa na malaria, wala kipindupindu tunachokijua sana hapa Uvira. Damu ilikuwa inapungua mwilini. Anaongezwa, anapata rangi, kisha inapungua tena. Tulikwenda hospitali hii na ile, tukavuka hadi Bujumbura, tukauza baiskeli na kiwanja. Madaktari walifanya kazi yao kwa bidii na walikuwa wakweli: walisema hawaoni chanzo. Alifariki alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa baba yake. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mtoto akifa jina halifutwi. Mpaka leo majirani wananiita mama yake, kila siku, sokoni na barabarani.

Mfiwa wa kwetu haachwi peke yake, na ninamshukuru Mungu kwa desturi hiyo. Lakini pamoja na kuni na unga, watu huleta sababu.

Sababu ya kwanza ilikuwa sumu. Huku Kivu Kusini kifo kisichoeleweka huitwa sumu kabla maiti haijaoshwa. Wakatafuta aliyeiweka, na vidole vikamwelekea mjane mmoja mzee aliyeuza samaki wa ndagala karibu na nyumba yetu, kwa kuwa mtoto alizoea kula mezani pake. Vijana wakaja jioni kumwambia mume wangu kwamba wako tayari, aseme tu. Katika mkoa wetu wanawake wazee wamekwisha kuuawa na kuchomwa moto kwa tuhuma za namna hiyo, hata jina la mshutumiwa likiwa limetoka kwa mtu aliyeota ndoto. Mume wangu alisimama mlangoni akawaambia: “Mimi baba wa mtoto sijui kilichomuua. Nyinyi mmejuaje?” Wakaondoka. Wakati ule sikuona uzito wa maneno yale. Leo ninaona kwamba yule mama mzee yuko hai kwa sababu mtu mmoja katika mtaa wetu alikubali kusema hajui.

Sababu ya pili ililetwa na mtu wa chumba cha maombi, aliyeona katika maono kuwa ukoo wetu una laana isiyotubiwa, na kwamba tusipofunga na kutoa sadaka fulani mtoto wa pili atamfuata wa kwanza. Hofu aliyoiacha nyumbani mwetu siwezi kuisimulia vizuri. Nilikuwa naamka usiku kumgusa binti yangu kifua nione kama anapumua. Wengine walikuja na sababu za upole: Mungu alimpenda zaidi, Mungu anatupima, Mungu anatuandalia baraka kubwa. Walisema kwa upendo, sina neno juu yao. Lakini kila sababu, kali au ya upole, ilinisukuma mbali zaidi na Mungu, kwa kuwa zote zilimfanya awe mtu ambaye amekaa mahali fulani akaamua kuniua mtoto kwa ajili ya jambo fulani.

Na ya kwangu mwenyewe ilizidi zote. Sikumwambia mtu. Niliamini kwamba Mungu alikuwa amekuja kuchukua deni la mwaka 1996. Mama yangu aliachiwa, na sasa mwanangu amelipa. Hesabu imelingana. Nilikuwa naenda kanisani kila Jumapili, nasimama watu wakisimama, nakaa wakikaa, na kinywa hakifunguki. Mtu hawezi kumwimbia mdai wake.

Mabadiliko yalianza mama aliposhuka kutoka Lemera kuja kukaa nasi. Alitwanga sombe, alifua, alichota maji, alilala chini kwenye mkeka pamoja na binti yangu. Hakuniambia neno moja la kunifariji, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilipumzika. Usiku mmoja umeme ulikuwa umekatika, tumekaa uani, nikamtolea siri yangu. Nikamwambia: wewe uliachwa, mtoto wangu ndiye malipo. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema: “Nani alikuambia Mungu ni mtu wa madeni?” Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Kila siku ya Mungu tangu 1996 amekuwa akimkumbuka mama wa kitanda cha jirani. Anapoomba humtaja. Swali nililomwuliza nikiwa mtoto alikuwa amejiuliza kabla yangu, na ndiyo sababu hakuwa na la kunijibu.

“Mwanangu,” alisema, “mimi niliishi bure. Si kwamba nilikuwa mwema kuliko yule. Mtoto wako ulipewa bure, na hakuondoka kwa kulipa deni la mtu. Kwa nini aliondoka, sijui. Kwa nini mimi nilibaki, sijui. Asubuhi ninaamka, ninamwambia Mungu, leo tena utembee na mimi. Anatembea. Ninashukuru na ninalia, vyote viwili.”

Mama hakusoma kupita darasa la pili. Nimewasikia wahubiri wengi katika maisha yangu, wengine wenye digrii za teolojia, na sijasikia mahubiri yaliyonifaa kama yale ya uani gizani.

Baada ya hapo nikarudi kwenye kitabu cha Ayubu, ambacho nilikuwa nimekikimbia kwa kuwa kila mfariji alikuwa akinitajia mwisho wake, ng'ombe na watoto wapya. Nilikisoma polepole, jioni, nikimaliza kazi ya cherehani. Nikaona mambo ambayo hakuna aliyenionyesha. Sisi wasomaji tunajua tangu sura ya kwanza yaliyosemwa mbinguni. Ayubu hajui. Na Mungu anapokuja kusema naye katika upepo wa dhoruba, hamwambii. Anamwonyesha misingi ya dunia, bahari na mipaka yake, mbuzi wa mwituni wanaozaa bila mtu kuwaangalia, mbuni, farasi, tai. Ayubu anapata kukutana na Mungu, na kwa habari ya sababu hakupewa hata neno moja. Alikufa mzee, ameshiba siku, bila kujua habari za sura ya kwanza. Rafiki zake nao walifanya vema siku saba za mwanzo, walipokaa chini pamoja naye bila kusema kitu. Ubaya ulianza walipofungua vinywa kueleza. Na mwishoni, wale waliomtetea Mungu kwa maelezo mazuri ndio waliokemewa, na Ayubu aliyelalamika, aliyeilaani siku ya kuzaliwa kwake, ndiye aliyehesabiwa kuwa amesema yaliyo sawa, akaambiwa awaombee.

Hilo lilinifungua. Nilikuwa nimefundishwa, au nilidhani nimefundishwa, kwamba unyenyekevu mbele za Mungu ni kumeza machozi na kusema asante. Ayubu hakumeza. Alipiga kelele, lakini alipiga kelele akimwelekea Mungu, hakumpa kisogo. Nami nikaanza kuomba tena kwa namna hiyo. Maombi yangu ya kwanza hayakuwa mazuri kusikiliza. Nilimwambia Mungu yote, hata yale ya mama wa kitanda cha jirani, na nilipomaliza nikamwambia kwamba sijui, na kwamba nitakaa naye hivyo hivyo nisivyojua. Hakuna sauti iliyonijibu. Amani haikushuka siku ile. Ilikuja kidogo kidogo, kiasi kwamba siwezi kutaja tarehe yake. Jumapili moja niligundua tu kwamba ninaimba.

Kuna jambo lingine nililolielewa wakati huo, na linahusu Sange. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka pale Sange, kwenye barabara kuu kati ya Uvira na Bukavu. Watu walikwenda kuchota petroli iliyokuwa inamwagika. Jioni ile wengine walikuwa wamejaa katika vibanda vya kuangalia mpira, kwa kuwa ilikuwa Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka uliwachukua wote, waliochota na waliokuwa wameketi wakiangalia mpira, na waliokuwa nyumbani mwao wakipika. Zaidi ya watu 230 walikufa, wakazikwa kwa pamoja. Kabla majivu hayajapoa watu walikwisha kueleza: waliiba, ndiyo maana. Wengine wakasema ni adhabu ya mpira. Nakumbuka kuwa Bwana Yesu aliletewa habari za aina hiyo, na yeye mwenyewe akataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa katakata kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Hakutoa sababu badala yake. Kama yeye aliyeweza kuijua hakuitoa, sioni mimi ninaitoa wapi.

Lakini ni lazima niseme jambo moja kwa nguvu, maana ushuhuda kama huu unaweza kutumiwa vibaya. Kuna misiba ambayo ina sababu, na sababu yake ina mikono na majina. Mwanangu alikufa kwa ugonjwa usiojulikana. Wagonjwa wa Lemera waliuawa na watu. Nikisema simdai Mungu maelezo, sisemi kwamba wanadamu wasidaiwe. Tarehe 1 Oktoba 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti ya matukio 617 ya ukatili uliotendeka Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003, na Lemera imo. Daktari Mukwege, ambaye baada ya kupoteza hospitali yetu alianzisha ile ya Panzi, Bukavu, mwaka 1999, alipopokea Tuzo ya Amani ya Nobel mjini Oslo tarehe 10 Desemba 2018 alianza hotuba yake na usiku wa Lemera, akaitaka dunia iitoe ripoti ile mahali ilikotelekezwa na kuifanyia kazi. Yeye ni mchungaji pia, na imani yake haikumfunga mdomo. Hakuna aliyehukumiwa mahakamani kwa ajili ya wale waliouawa vitandani. Mhubiri anayewaambia watu wa Lemera wanyenyekee kwa maana ya kunyamaza, anamtumikia muuaji.

Na kunyenyekea kwa kweli kumenizuia pia nisichukue njia nyingine, ile ya kutwisha kabila zima damu ya wachache. Huku kwetu sababu rahisi ya kila msiba ni kabila la jirani. Bafuliiru wanazo kumbukumbu zao, Babembe na Bavira wanazo zao, Barundi wa uwandani wanazo zao. Banyamulenge nao wanazo. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, pale Gatumba, ng'ambo ya mpaka karibu kabisa na Uvira, wakimbizi wa Kongo zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa ndani ya mahema, watoto wengi wakiwa kati yao. Mwanamke aliyepoteza watoto Gatumba na mwanamke aliyepoteza mgonjwa wake Lemera wanamlilia Mungu mmoja kwa swali moja. Ningependa siku moja nione wanawake wa namna hiyo wameketi benchi moja katika kanisa letu. Bado sijaona. Ninaliomba.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulitoka katika njia yake. Mvua ilinyesha milimani, maji yakashuka na mawe na miti, yakabomoa nyumba kwa maelfu na kuua makumi ya watu mjini Uvira. Nyumba yetu ilikwenda, cherehani ikaenda. Makanisa yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya korona, kwa hiyo hata mahali pa kukusanyika kulilia hapakuwepo. Tulilala katika darasa la shule pamoja na familia nyingine nyingi. Na usiku uleule sababu zikaanza kutembea: dhambi za Uvira, ulevi wa Uvira, uzinzi wa Uvira. Karibu yangu alikuwepo msichana aliyekuwa ameponyokwa na mdogo wake ndani ya maji. Alikuwa anamwuliza kila mtu anayepita kama Mungu amemwadhibu yeye. Nilimkalisha chini. Nikamwambia sijui kwa nini mdogo wako amekwenda, na hakuna mtu humu anayejua, na yeyote atakayekuja kukuambia anajua uniite mimi nizungumze naye. Tulikaa pamoja mpaka kulipopambazuka. Alilia, nami nililia, mtoto wangu akanirudia upya kama aliyekufa jana. Lakini niliona kwamba moyoni mwangu ile hesabu ya zamani haikuwepo. Sikumwuliza Mungu hii ni kwa ajili ya deni lipi. Nilimwambia, leo tena utembee na mimi.

Leo wamama wa parokia yetu tuna kikundi cha kuwatembelea wafiwa. Hatuna mengi. Tunabeba unga, ndagala, sabuni, na tunapokezana kulala na mwenye msiba mpaka siku za matanga zipite. Mchungaji wetu alituuliza kama tunahitaji mafundisho ya kufariji, nasi tukakubaliana juu ya sharti moja: hakuna anayeruhusiwa kumwambia mfiwa sababu ya kifo. Mwanzoni baadhi ya wamama waliona ni vigumu, kwa kuwa mtu akikaa karibu na uchungu ulimi hutafuta kazi. Sasa wamezoea, na wafiwa wenyewe wanatuita.

Binti yangu amekua, anasoma uuguzi. Mama bado yuko Lemera, mgongo umeinama, bado anamtaja mama wa kitanda cha jirani katika maombi yake. Sijapata jibu la swali nililomwuliza nikiwa mtoto, na sitegemei kulipata upande huu wa kaburi.

Ndugu msomaji, kama unaishi na msiba ambao hakuna aliyeweza kukueleza, usikubali mtu akuuzie sababu, na usijitungie yako kama nilivyojitungia. Mlilie Mungu, mwulize, mkasirikie ukiwa mbele zake. Na kama wewe ndiye unayekwenda kwa mfiwa wiki hii, beba bido ya maji, beba kuni, uketi chini. Akikuuliza kwa nini, mwambie hujui, kisha ukae usiondoke.